Kumfuga Chui wa Mchangani: Mwongozo kwa Mwenye Tangi la Maji ya Bahari

Samaki wangu wa kwanza wa aina hii nilimuua mwenyewe, na nilidhani namsaidia. Nilimtia tangini jioni, akazama mchangani kabla sijafunika, na siku ya nne ikafika sijamwona hata ncha ya pezi. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba amekufa na anaozea huko chini. Nikachukua kijiti chembamba, nikaanza kupekua mchanga polepole kama mtu aliyeangusha pete. Akachomoka kama mshale, akajigonga kwenye kioo cha upande wa pili, akashuka tena mchangani huku mdomo umechubuka. Mdomo ule haukupona. Hakula tena, na wiki haikuisha.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu samaki huyu huponzwa na mambo mawili: mchanga na chakula ambavyo havikuwa tayari alipofika, na mfugaji asiyeweza kungoja. Mengine yote yanarekebishika.

Mjue kwanza

Ninayemzungumzia ni samaki wa jenasi Macropharyngodon, ukoo wa Labridae. Katika biashara ya samaki wa mapambo amepewa jina la chui kwa madoa yaliyomjaa mwilini, nami humu nitamwita chui tu. Macropharyngodon meleagris anatoka Pasifiki na upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi. M. bipartitus ni wa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo. Yupo pia M. ornatus, na yupo M. geoffroy wa visiwa vya Hawaii, ambaye simshauri mtu aanze naye. Wote ni wadogo. Aliyekomaa ni wa kujaa kiganja, na mkubwa kabisa hufika kama sentimita 15.

Jina hilo refu la kisayansi lina maana ambayo mfugaji anapaswa kuibeba kichwani. Limetokana na Kigiriki na linataja jino kubwa la kooni. Ndani ya koo ana jino pana mfano wa gego, analotumia kusagia konokono wadogo na viumbe wenye magamba ya chokaa wasiozidi punje ya mchanga. Baharini kutwa nzima anafanya kazi hiyo moja: anaogelea hatua mbili, anasimama, anainamisha kichwa, anakodolea jiwe kwa jicho moja, anadonoa, anasogea. Isitoshe, samaki wa ukoo huu hawana mfuko wa tumbo wa kuhifadhi chakula. Kinachoingia kinakwenda moja kwa moja utumboni. Kwa hiyo chui hawezi kula shibe ya asubuhi ikamfikisha kesho yake, na akikaa siku kadhaa bila kula anakonda mbele ya macho yako.

Jioni huzama mchangani kulala. Akitishwa mchana, huzama hivyo hivyo. Huko ndiko kitandani kwake na ndiko maficho yake.

Hatua ya 1: Tangi liwe limekomaa

Usimtie chui kwenye tangi jipya. Ule mzunguko wa naitrojeni, yaani bakteria kukua hadi waweze kuivunja amonia, huchukua kama wiki nne hadi sita, na watu wengi hudhani ukikamilika basi tangi liko tayari. Kwa samaki wengine, sawa. Kwa huyu bado. Anahitaji mawe yaliyokwisha kuota mwani mwembamba, yenye kopepodi na amfipodi (vidudu wadogo wa jamii ya kamba), minyoo midogo na konokono wasioonekana vizuri kwa macho. Hali hiyo inataka miezi sita kwa uchache, na mimi huona mwaka mmoja ndio wa kuaminika.

Ukubwa: lita 300 na kuendelea kwa chui mmoja au wawili. Si kwamba anahitaji nafasi ya kukimbia. Tangi dogo haliwezi kuzalisha vijidudu kwa kasi anayovila.

Maji yenyewe hayana siri. Joto la nyuzi 24 hadi 26, chumvi yenye uzito linganifu wa 1.025, pH kati ya 8.1 na 8.4, amonia na naitriti sifuri, naitreti chini ya miligramu 20 kwa lita. Kinachomwumiza zaidi ni mabadiliko ya ghafla, kwa hiyo chombo cha kujazia maji matamu yanayopungua kwa mvuke ni bora kiwe cha kujiendesha chenyewe.

Hatua ya 2: Mchanga

Hapa ndipo pa kutumia muda na fedha.

Tumia mchanga wa aragoniti, yaani wa chokaa, ulio laini, wa punje zinazokaribia ukubwa wa sukari ya mezani, milimita moja kushuka chini. Uushike, uusugue baina ya vidole viwili. Ukihisi unakwaruza ngozi yako, jua kwamba na ubavu wa samaki utakwaruzwa, tena kila siku mara mbili, anapoingia na anapotoka. Zile punje kubwa za matumbawe yaliyovunjwa, ambazo huuzwa kwa kuwa hazipeperuki, achana nazo kabisa. Zina ncha, na samaki hujirusha ndani kwa nguvu zake zote.

Nimewahi kukaa na tochi yenye mwanga mwekundu nikimtazama anavyoingia. Haanzi kwa kuchimba. Anaogelea chini chini, anazunguka mahali pale pale mara mbili tatu kama mbwa anayetandika majani, kisha anajilaza ubavu na kutia kichwa. Mkia unatikisika mara tatu au nne, vumbi linapanda kidogo, basi. Ukipepesa jicho umepitwa. Punje zikiwa kali, mkwaruzo wote unaanzia mdomoni.

Kina kiwe sentimita 5 hadi 8. Chini ya hapo anafika kwenye kioo cha sakafu na kujigonga pua. Juu ya hapo, tabaka za chini hukosa oksijeni na huweza kukusanya hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai bovu, ambayo ikifumuliwa ghafla huua. Kama tangi lako tayari lina mchanga wa sentimita mbili, si lazima ulijaze lote. Tenga pembe moja yenye upana wa kama sentimita 30 kwa 30, uizungushie mawe, ujaze mchanga mpaka kina kifike. Chui ataipata pembe hiyo, na mara nyingi ataichagua kuwa chumba chake.

Suuza mchanga mpya kabla ya kuutia, maana vumbi lake huchafua maji kwa siku kadhaa. Mawe makubwa yakalishwe juu ya sakafu ya tangi au juu ya vigingi, kisha mchanga umwagwe kuyazunguka. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga huweza kukaa miezi halafu likaporomoka siku mtu anapolala chini yake.

Pampu zielekezwe ili mchanga usihamishwe. Ukiona sakafu ya kioo imebaki wazi mahali fulani, mkondo ni mkali mno hapo.

Hatua ya 3: Jaza pantri kabla ya mgeni

Kwa kuwa chui hufika akiwa na njaa ya safari na hajui kwamba vipande vilivyogandishwa ni chakula, ni lazima akute kitu kinachotembea. Miezi miwili au mitatu kabla hujamnunua, anza kupandikiza kopepodi. Tisbe hujificha kwenye mawe na mchanga na kuzaliana humo. Tigriopus ni wakubwa zaidi, huogelea wazi, na ndio wanaomvutia samaki mgeni. Watie usiku taa zikiwa zimezimwa na pampu zimepunguzwa, la sivyo samaki ulionao watakesha karamuni.

Kama una tangi la chini ambako maji hupitia kwenye vichujio, tenga sehemu yake moja uoteshe mwani wa Chaetomorpha kwa taa inayowaka usiku. Kopepodi huzaliana ndani ya msokoto ule bila kuliwa na mtu, na kila siku wachache husombwa na maji kupanda juu. Kwangu hicho kijitangi kimefanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Utajuaje kwamba pantri imejaa? Zima taa, ngoja saa mbili, kisha mulika kioo kwa tochi. Ukiona vidoti vyeupe vinakimbia kwenye kioo na vingine vinarukaruka juu ya mawe, tayari. Ukitafuta dakika tano ukaona viwili vitatu, ngoja mwezi mwingine.

Hatua ya 4: Kifuniko na majirani

Chui huruka. Huruka akishtuka usiku, huruka akifukuzwa, na huruka siku za mwanzo anapokuwa hajui mpaka wa maji uko wapi. Wavu wa matundu ya milimita 6 unatosha, ilimradi uzibe hata ile nafasi ndogo ya kupitishia nyaya. Ana kipaji cha kuipata.

Majirani wawe wapole na wasiwe wawindaji wa kopepodi. Pseudocheilinus hexataenia, yule mdogo mwenye mistari sita, ni wa ukoo mmoja naye lakini ana roho ya polisi. Atamfukuza mgeni mpaka ashindwe kutoka mchangani. Samaki wa jenasi Synchiropus hawana ugomvi na mtu, ila wanakula kile kile anachokula chui, na tangi moja mara nyingi halitoshi kuwalisha wote wawili. Wenye kawaida ya kuchimba na kulala mchangani nao wataligombania eneo.

Kwa matumbawe usihofu, hayagusi. Konokono wadogo sana ndio watakaopungua, na kwa mwenye kufuga makombe makubwa hilo ni neema, kwa sababu baadhi ya konokono hao wadogo huwanyonya makombe.

Hatua ya 5: Kumchagua

Usinunue chui kwa picha ukiweza kwenda kumwona. Ukifika dukani usiulize bei kwanza. Omba alishwe mbele yako. Anayekula chakula kilichogandishwa akiwa dukani amekwisha kuvuka nusu ya hatari, na ni bora umlipie zaidi huyo kuliko kumchukua wa bei nafuu ambaye “ataanza kula nyumbani”.

Kisha mtazame kutoka mbele, siyo ubavuni. Ubavuni kila chui anapendeza. Ukimtazama kutoka mbele na juu, mgongo wake nyuma ya kichwa unapaswa kuwa wa mviringo. Ukionekana umebonyea na kuchongoka kama ubao, ameshatumia nyama yake mwenyewe. Tazama tumbo: lisiwe limeingia ndani. Tazama mdomo kwa makini kuliko yote, midomo yote miwili iwe mizima, bila uvimbe wala weupe wa kidonda. Samaki hawa wakisafirishwa kwenye mfuko mtupu hutafuta mchanga usiokuwapo, wakatumbukiza pua kwenye plastiki mara mia. Kidonda cha mdomo kwa samaki anayeishi kwa kudonoa ni hukumu nzito.

Macho yawe yanazunguka. Chui mzima humfuata mtu kwa jicho, moja likitazama mbele na jingine likikutazama wewe.

Muulize muuzaji kama tangi lake lina mchanga. Likiwa sakafu tupu, na samaki yuko pale wiki nzima amejilaza pembeni kwenye kioo, mwache.

Mchukue jike, mdogo kiasi, wa kama sentimita 6 hadi 8. Hao huzoea haraka kuliko wakubwa.

Hatua ya 6: Karantini yenye kitanda

Karantini ya kawaida ni tangi tupu lenye bomba la kujifichia. Kwa chui hiyo ni mateso. Weka bakuli la plastiki au sanduku la chakula lenye kina cha sentimita 8 hadi 10, ulijaze mchanga laini, uliweke pembeni pasipo mwanga mkali. Atalipata bakuli hilo siku ile ile.

Mchanga wenyewe uchague kulingana na dawa. Ukipanga kutumia shaba, usitumie aragoniti, maana chokaa hunyonya shaba na vipimo vyako vitakudanganya. Tumia mchanga wa silika uliosuguliwa laini. Kama ni kumtazama tu na kutibu minyoo, wowote laini unafaa.

Minyoo ni jambo la kutarajia, kwani wengi wa samaki hawa huvuliwa baharini. Prazikwanteli huua minyoo bapa ya ngozi na matamvua pamoja na tegu. Minyoo ya mviringo ya utumboni huiacha. Kwa hiyo fenbendazoli iliyochanganywa kwenye chakula hutumika, tena ndani ya karantini peke yake, kwa kuwa huweza kuua matumbawe na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Dalili ya kuhitaji dawa hizo ni samaki anayekula vizuri na bado anakonda, na kinyesi cheupe chembamba kama uzi. Ukitia prazikwanteli ongeza hewa majini, oksijeni hushuka.

Kuna na ugonjwa wa madoa meupe, Cryptocaryon irritans. Kimelea hicho kikishiba huanguka kutoka kwa samaki, hujifungia kwenye kifuko juu ya mchanga au mawe, kisha hupasuka na kuachia watoto wengi, hasa saa za giza. Fikiria sasa samaki ambaye saa hizo za giza yuko ndani ya mchanga wenyewe. Ndiyo maana sithubutu kumpeleka chui moja kwa moja kwenye tangi kubwa, ingawa wapo wanaofanya hivyo kwa hoja kwamba karantini humchosha. Hoja yao ina uzito, na tangi lao likiwa safi na bila samaki wagomvi siwalaumu. Mimi humweka wiki nne, kwenye bakuli lake, na kopepodi humo humo.

Hatua ya 7: Siku ya kumleta

Tayarisha maji ya karantini yawe na chumvi sawa na ya muuzaji. Maduka mengi huweka chumvi chini, hata 1.020, kwa hiyo uliza. Utaipandisha mwenyewe polepole kwa siku kadhaa.

Sababu ya kujisumbua hivyo ni mfuko. Samaki akikaa mfukoni saa nyingi anapumua, kaboni dioksidi inajaa, pH inashuka. Katika pH ya chini amonia iliyomtoka haina makali. Ukifungua mfuko, ile gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu huku wewe umeketi unadondosha maji tone tone ukidhani unamfanyia hisani. Kwa samaki aliyesafiri saa mbili kutoka dukani, kuzoeshwa kwa matone nusu saa ni sawa. Aliyesafiri siku nzima, uache mfuko uelee majini bila kuufungua kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha fungua, pima chumvi, na kama iko sawa mhamishe hapo hapo.

Usitumie kimia. Mchote kwa kikombe kilicho wazi au mkingie kwa chombo, maji ya mfuko uyamwage pembeni. Taa zizimwe. Watoto na wageni wakatazame kitu kingine.

Hatua ya 8: Ngoja

Atazama. Pengine sekunde ile ile.

Saa yake ya mwili bado iko alikotoka. Kama kwao jua linatua wakati kwako ni saa sita mchana, saa sita mchana atalala, na saa nane usiku atachomoa kichwa gizani asione kitu, arudi. Yule wangu wa pili alikaa siku tisa bila kuonekana. Siku ya kumi niliamka saa tisa usiku kunywa maji, nikamulika kwa tochi, nikamwona yuko juu ya jiwe anadonoa kwa utulivu kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea saa. Kila siku alijisogeza kidogo, na baada ya wiki mbili alikuwa anaamka na taa.

Kazi yako katika siku hizo ni hii: ratiba ya taa isibadilike, iwake na kuzimika saa zile zile. Kopepodi waendelee kutiwa, kwa sababu hujui ataamka saa ngapi. Pima amonia kila siku, na hiki kipimo ndicho kitakachokutuliza. Samaki aliyekufa ndani ya tangi dogo huipandisha amonia. Ikibaki sifuri, mwache alale. Ukitaka uhakika zaidi, sawazisha uso wa mchanga wa bakuli kwa upole karibu na kingo, mbali na katikati, kisha asubuhi uangalie kama kuna shimo dogo au mkwaruzo mpya. Ukiona alama, alitoka.

Usipekue. Usitikise bakuli. Wala usilitoe kulichungulia.

Hatua ya 9: Kumfundisha kula

Akishaanza kutoka mchana, mwanzishie atemia (vikamba vidogo vya maji ya chumvi) hai waliokomaa au watoto wa atemia. Mayai yake huanguliwa kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa hewa, nyuzi 26 hadi 28, kwa muda wa kama siku moja. Watoto wale wana virutubishi vingi saa za mwanzo baada ya kuanguliwa, kwa hiyo walishe mapema. Maganda ya mayai huelea, tenganisha, yasije yakamziba utumbo.

Siku tatu nne baadaye changanya atemia hai na mayai ya samaki au maisisi (vikamba vya aina nyingine) waliogandishwa na kukatwakatwa vipande vidogo. Mdomo wake ni mdogo kuliko unavyodhani. Tumia bomba refu la kudondoshea, umwage karibu na jiwe analolipenda, mkondo ukiwa umepunguzwa, ili vipande vizunguke kama vina uhai. Atakifuata kimoja, atakitazama kwa jicho hili, atageuka akitazame kwa jicho lile, atakiacha. Usikate tamaa. Siku moja atakidonoa, atakitema, atakidonoa tena. Akikimeza cha kwanza, cha pili hakichelewi.

Lengo ni milo midogo mitatu au minne kwa siku, na mwisho uwe angalau saa moja kabla ya taa kuzimika, kwa sababu yeye hangoji giza. Nusu saa kabla ya taa kupungua utamkuta tayari anazunguka kitandani kwake. Chembechembe kavu baadhi yao hujifunza kuzila, wengine kamwe. Usiondoke nyumbani wiki nzima ukitegemea mashine ya chakula kikavu mpaka umeona kwa macho yako kwamba anakila.

Kumhamishia tangi kubwa

Wiki nne zikiisha, anakula, mgongo umejaa: mhamishe asubuhi, akiwa macho. Wafugaji wengine hubeba bakuli zima na samaki amelala ndani, wakalizamisha tangi kubwa. Ni njia nzuri kwa samaki, lakini mchanga wa karantini uliopitiwa na dawa simwagi tangini mwangu, kwa hiyo mimi namkinga kwa chombo wakati yuko nje.

Siku mbili za mwanzo anaweza kuzama tena. Umeshayajua hayo.

Kama una samaki wenye wivu, mtie kwanza ndani ya kisanduku chenye matundu kinachoning'inizwa ukutani mwa tangi, chenye mchanga wake, siku tatu au nne, waonane bila kugusana.

Mmoja au zaidi?

Chui wote huzaliwa majike. Akikosekana dume, jike mkubwa zaidi hubadilika, rangi hugeuka taratibu kwa wiki kadhaa mpaka hutamtambua. Ukitaka kundi, nunua majike wawili au watatu wa ukubwa tofauti, uwatie pamoja siku moja, na uwaache wenyewe waamue nani atakuwa bwana. Madume wawili tangi moja hapana. Na hesabu ya chakula izidishwe kwa idadi yao. Hapo ndipo wengi hujidanganya.

Ukiona hivi

Anaingia mchangani mchana mara kwa mara baada ya kuwa ameshazoea: kuna anayemfukuza, au maji yamebadilika. Pima kwanza, kisha kaa mbali na tangi nusu saa utazame majirani.

Anapumua kwa haraka na kujikuna kwenye mawe: minyoo ya matamvua au Cryptocaryon, mrudishe karantini.

Mdomo umevimba: mchanga ni mkali au kina chake ni kidogo, au amejigonga. Maji safi na chakula laini hai ndiyo tiba ya kwanza, vidonda vidogo hupona.

Hajatoka na ulikuwa umemzoea: kabla hujaomboleza angalia sakafu ya chumba, kisha tangi la chini, kisha ngoja. Mmoja wangu alipotea siku tano baada ya umeme kukatika usiku, akatoka siku ya sita ana njaa.

Mchanga baada ya mwaka

Punje hushikana na takataka hujipenyeza. Usivute mchanga wote kwa bomba siku moja, utaondoa bakteria na vijidudu wake pamoja na uchafu. Gawa sakafu sehemu tatu, safisha moja kila baada ya wiki kadhaa, na ongeza mchanga mpya uliosuuzwa pale kina kiliposhuka chini ya sentimita 5. Kazi hii naifanya saa nne asubuhi, baada ya kumwona kwa macho yuko juu ya mawe. Pembe yake ya kulala naiacha mwisho, na siku ninapoigusa natumia vidole tu, polepole, nikihisi kama kuna mtu ndani.